Kitabu cha Kwanza cha Bwana Msa na Wasomaji wa Gitega na Muyinga

Mpenzi wa riwaya za upelelezi hupata raha ya pekee anapokifungua kitabu cha kwanza cha mfululizo. Mpelelezi bado ni mgeni kwake. Hajui kama ni mtu wa maneno mengi au wa kimya, kama huamini macho yake au masikio yake, kama atamwonea huruma mkosaji au la. Yote hayo msomaji huyapokea kidogo kidogo, kama mwenyeji anayemtazama mgeni akivua viatu mlangoni. Hata hivyo, kitabu cha kwanza si utambulisho tu. Ni mkataba. Ndani yake mwandishi huahidi ni majibu ya namna gani yatakayokubaliwa katika visa vyote vitakavyofuata. Akivunja ahadi hiyo katika kitabu cha tatu au cha tano, msomaji ana haki ya kulalamika.

Katika makala haya tunakusudia kukiangalia kitabu kimoja cha kwanza katika fasihi ya Kiswahili, nacho ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Tutaeleza kilivyotokea, ahadi iliyomo ndani yake, na sababu ya sisi walimu wa Kiswahili wa Burundi, hasa wa Gitega na Muyinga, kukianzia hicho badala ya kukiruka. Twaandika hivyo kwa kuwa liko shauri miongoni mwetu. Baadhi ya walimu wenzetu husema kwamba riwaya za upelelezi ni za kupotezea wakati na hazistahili kuingia darasani. Wengine wazikubali, lakini husema Kiswahili cha Unguja cha Bwana Msa ni kizito mno, basi mwanafunzi aanze na waandishi wa Bara waliofuata. Tunaziheshimu hoja zote mbili, na tutazijibu.

Mwandishi na shindano

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari na kuhariri magazeti kadhaa ya Zanzibar. Mwaka 1958 alichukua uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo huko Tanganyika, akaendelea nao kwa muda wa miaka kumi. Alifariki mwaka 1991.

Maisha haya yanafaa kukumbukwa. Mtu huyu hakuwa mwalimu wa chuo kikuu wala hakimu. Alikuwa mtu wa kazi zinazodai uangalifu: mkaguzi wa afya hutafuta chanzo cha ugonjwa katika kisima na mtaro, na mhariri huuliza kila habari imetoka kwa nani. Yeyote asomaye visa vyake ataziona tabia hizo mbili zikitembea pamoja.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, ili kuchapisha na kueneza vitabu katika lugha za Afrika Mashariki. Shirika hilo liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958. Mzimu wa Watu wa Kale ndio ulioshika nafasi ya kwanza, nao ukachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mpelelezi ambaye jina lake ni herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi wake: M, S, A.

Kitabu kisichojua kuwa ni cha kwanza

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa leo hulisahau kwa urahisi. Sisi twakiita kitabu hiki cha kwanza kwa sababu twavijua vilivyokuja baadaye: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Lakini aliyekinunua mwaka 1960 hakujua chochote juu ya hao ndugu sita. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ilipita miaka minane. Katika miaka hiyo Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Burundi ikapata uhuru mwaka 1962, na Zanzibar ikapinduliwa mwezi wa Januari 1964. Ulimwengu wa matajiri wenye mashamba na watumishi wao, ambao ndio uwanja wa kisa hiki, ulikuwa umekwisha vunjwa kabla Bwana Msa hajarudi mara ya pili.

Mambo ya namna hiyo yametokea kwingineko pia. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Mwingereza Arthur Conan Doyle, alitokea mara ya kwanza mwaka 1887, wala hakupata umaarufu mkubwa papo hapo. Akarudi mwaka 1890, na baada ya hapo ndipo wasomaji walipomng'ang'ania. Kamishna Maigret alianza kwa namna nyingine. Alibuniwa na Georges Simenon, mzaliwa wa mji wa Liège nchini Ubelgiji, na vitabu vyake vilipoanza kuuzwa mwaka 1931 vilitolewa kwa mfuatano wa haraka, kama mfululizo uliokwisha pangwa. Wengi katika Burundi waliosoma kwa Kifaransa walikutana na Maigret kabla ya kumsikia Bwana Msa. Basi tuwaambie kwamba wapelelezi hawa watatu, yule wa London, yule wa Paris na huyu wa Unguja, wana alama moja inayowatambulisha: wote huvuta kiko.

Alama hiyo isitudanganye lakini. Ni kweli Bwana Msa amejifunza kwa Holmes, na sahibu yake Najum anafanana na Daktari Watson. Kuazima si kuiba. Aliyeazima jembe kwa jirani analima shamba lake mwenyewe, na mavuno ni yake.

Ahadi iliyomo

Shamba lenyewe ni lipi? Twaanza na jina la kitabu. Mwanafunzi wa Kirundi akilisikia neno mzimu hudhani amekwisha lielewa, kwa kuwa katika lugha yake kuna umuzimu, yaani roho ya aliyekufa. Maana hiyo imo katika Kiswahili pia, lakini katika Kiswahili mzimu ni mahali vilevile: pangoni, chini ya mti mkubwa au penye magofu, ambapo watu hupeleka sadaka na kuweka nadhiri zao. Katika riwaya hii maiti ya tajiri mwenye mashamba inakutwa penye mahali kama hapo. Mara moja jibu la kwanza liko tayari midomoni mwa watu: aliyekufa ameingia katika jambo lisilo la watu wa leo, na watu wa kale wamejibu.

Tazameni jinsi mtego huu ulivyotegwa vizuri. Mwandishi hakuwacheka wenye imani hiyo, wala hakuwafanya wajinga. Aliwaachia wazungumze. Kisha akamleta mtu mmoja mwenye kiko, anayeuliza maswali madogo madogo: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, alikuwa akitoka wapi, nani alipata faida kwa kifo chake. Kwa kadiri maswali hayo yanavyojibiwa, ndivyo mizimu inavyozidi kurudi nyuma na binadamu kuonekana mbele, na tamaa zake, na hofu zake, na siri zake za ukoo. Hatutasema hapa muuaji ni nani, maana kumfungulia mtu fumbo la riwaya ya upelelezi ni kumla chakula chake.

Hii ndiyo ahadi. Tangu kitabu cha kwanza Bwana Msa ameahidi kwamba katika visa vyake hakuna jibu litakalokubaliwa ikiwa haliwezi kuelezwa kwa ushahidi na kufikiri. Uthabiti wa ahadi hiyo waonekana katika kitabu cha pili. Giningi ni jina lenye kutisha katika hadithi za wachawi za visiwani. Mwandishi amelichagua kwa makusudi, kana kwamba anasema: mlidhani nilibahatisha mara ya kwanza? Haya, nileteeni jambo la kutisha zaidi.

Lugha iliyofika kwa njia mbili

Sasa twende kwetu, tuone ni wasomaji gani wanaongojea kitabu hiki. Kiswahili kiliingia Burundi pamoja na wafanya biashara wa Ziwa Tanganyika, kisha pamoja na Wajerumani. Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda, na mwaka 1912 Wajerumani waliyahamishia Gitega makao yao ya utawala. Askari, makarani na wachuuzi waliokusanyika penye kituo hicho walisikilizana kwa Kiswahili. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 waliikuta lugha hii mjini, nao baadaye wakaipa shule nafasi ndogo sana. Hivyo Kiswahili kikabaki sokoni, msikitini, katika karakana na katika mitaa ya mji, huku Kirundi na Kifaransa vikishika daftari na ofisi.

Matokeo yake ni dharau ambayo kila mwalimu wa Kiswahili nchini mwetu amekutana nayo. Katika Kirundi cha kila siku, kumwita mtu Umuswahili mara nyingi si kutaja lugha yake. Ni kudokeza kwamba mtu huyo ni mjanja, ana maneno mengi, haaminiki. Kiswahili kimeingia katika masomo ya shule za msingi karibu na wakati ule Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007, na Gitega yenyewe tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa. Lakini neno lile halikufutwa na sheria wala na ratiba ya masomo.

Muyinga njia ilikuwa nyingine. Kutoka mji huo barabara inakwenda mpakani Kobero, na ng'ambo yake ni Ngara, katika Tanzania. Malori ya mizigo hupita hapo, na pamoja nayo bei, mzaha na habari, vyote kwa Kiswahili. Tena wako waliorudi. Maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, na wengine wengi baada ya mwaka 1993. Katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo watoto walikua wakisoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania. Waliporudi, Kiswahili kilikuwa sehemu ya mizigo yao.

Kwa hiyo tuna wanafunzi wa namna mbili. Yule wa Gitega aghalabu amejifunza Kiswahili kwa kitabu: anajua ngeli, anasoma bila tabu kubwa, lakini anaogopa kusema. Yule wa Muyinga anasema kwa wepesi, anajua kupatana bei na kutania, lakini hajapata kukisoma Kiswahili kirefu chenye mantiki kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza anaiona lugha hii kama somo. Wa pili anaiona kama chombo cha biashara. Wote wawili hawajaiona ikifikiri.

Hilo ndilo kitabu cha kwanza cha Bwana Msa kinachowapa. Mjanja wa Kiswahili, yule anayedharauliwa katika neno Umuswahili, anatokea humu akiwa ametumia ujanja wake kuufichua uongo. Mwenye maneno mengi si mdanganyifu tena. Ndiye anayewabana wadanganyifu kwa maneno yao wenyewe.

Kuzijibu hoja

Kwa walimu wanaosema hadithi hizi ni za kupotezea wakati, twasema hivi. Wahakiki wengi, hasa katika miaka ya 1970, waliziona riwaya za upelelezi kuwa fasihi nyepesi isiyoyagusa matatizo ya jamii. Tena ni kweli kwamba Mzimu wa Watu wa Kale hauulizi kwa nini mmoja ana mashamba na mwingine ni mtumishi. Upungufu huo tusiufiche. Tuufanye kuwa swali la darasani. Lakini kumfundisha mtu asikubali maelezo bila ushahidi, je, hilo si kugusa jamii?

Sisi Warundi tuna sababu ya kulichukulia swali hili kwa uzito. Mwaka 2008 na 2009 watu wenye ualbino waliuawa mashariki mwa nchi yetu kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani baadhi ya wahusika. Ruyigi haiko mbali na Gitega. Nyuma ya vifo vile hapakuwa na mizimu. Palikuwa na watu, na bei, na wanunuzi. Mwanafunzi aliyesoma jinsi hofu ya mzimu ilivyoweza kumfunika muuaji wa kawaida amepata kinga ndogo, lakini ni kinga.

Wala tusidhani kwamba namna hii ya kufikiri ni ya kigeni kwetu. Bashingantahe, wazee wenye fimbo ya haki, walisifiwa kwa kuwasikiliza wote kabla ya kukata shauri. Riwaya nyingi za upelelezi hufungwa kwa mkutano ambapo kila mmoja husikilizwa na ukweli ukawekwa hadharani. Mrundi yeyote atautambua mkutano huo.

Kwa wanaosema tuanze na waandishi wa Bara, twakubali kwamba lugha yao ni nyepesi zaidi kwa wengi wetu. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965, kinakwenda mbio. Elvis Musiba alipomleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alifungua mfululizo mwingine wenye ahadi nyingine: mpelelezi ni jasusi, na adui ni wale waliopinga ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma ulio jirani yetu, alimpa Joram Kiango mioyo ya vijana wengi katika miaka ya 1980. Vyote hivyo vina nafasi yake. Lakini katika visa vya kijasusi bastola na mbio hujibu maswali mengi ambayo Bwana Msa alilazimika kuyajibu kwa kufikiri. Aanzaye kwa mbio hurudi kwa shida kwenye mwendo wa taratibu. Aliyeanza kwa taratibu anaweza kukimbia baadaye, naye atajua anakimbilia nini.

Namna ya kukisoma

Ugumu wa lugha wapungua ukikatwa vipande. Sisi twapendekeza wanafunzi wachore safu mbili katika daftari: moja ya yaliyoonekana, nyingine ya yaliyosemwa tu. Kila sura ikiisha, wajaze. Hapo watakutana na maneno yanayopima uzito wa habari: eti, inasemekana, huenda, yamkini, hapana budi, bila shaka. Mwanafunzi wa Muyinga huyatumia kila siku bila kuyapima. Wa Gitega ameyakariri bila kuyatumia.

Hapo pia ndipo -nge- na -ngali- zinapopata kazi. Darasa lililochoka kusikia "ningalikuwa na fedha ningalinunua gari" huamka likiambiwa: kama angalipita bondeni, viatu vyake vingalikuwa na tope, viatu havikuwa na tope, basi alipita wapi? Hiyo ni sarufi, na wakati huohuo ni hoja. Halafu tuwaunganishe wanafunzi wawili wawili, msomaji na msemaji: mmoja asome maneno ya shahidi, mwingine amhoji bila kitabu mkononi.

Wakifika sura ya mwisho, tusikimbilie mtihani. Tuwaulize kwanza: je, mwandishi ametimiza alichoahidi? Dalili zote zilikuwa mbele yetu, au ametuficha moja? Swali hilo humgeuza msomaji kuwa hakimu wa kitabu, na anayethubutu kukihukumu kitabu cha Kiswahili kwa Kiswahili hahitaji tena kuambiwa kwamba lugha hii ni yake.

Kisha tumpe Kisima cha Giningi. Wasomaji wa mwaka 1960 waliingoja miaka minane. Wa kwetu wangoje wiki moja tu, muda wa kitabu kuhama kutoka mkono hadi mkono; maana nakala ni chache, na kila mmoja atataka kuwa wa kwanza.